Waya wa Kurudi

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama, wakuu wa vyama vya msingi, madereva na mafundi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama



Ni desturi katika sherehe kama hii Katibu asimame na kuhesabu yaliyotendeka tangu Chama kilipoandikishwa. Hesabu hizo zimekwisha pigwa chapa katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na kila mwenye macho atazisoma kwa nafasi yake. Basi sisi wa afisi ya Katibu tumeomba ruhusa kuzitumia dakika zetu kwa jambo moja dogo, jambo lisilozidi unene wa kidole, ambalo litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu kabla msimu wa kununua pamba haujafunguliwa.

Jambo lenyewe ni ombi la baadhi ya vyama vya msingi, likiungwa mkono na madereva wetu, kwamba malori yote ya Chama yafungwe nyaya za ziada za athi, ili injini ziwake upesi, zipate nguvu zaidi milimani na zile dizeli kidogo kuliko sasa. Wauzaji wa mjini wamekwisha kuleta mafungu ya nyaya hizo, zenye rangi za kupendeza, pamoja na ahadi nyingi. Fedha zinazoombwa zatoka katika mfuko wa matengenezo, na mfuko huo umejazwa kwa makato ya kila kilo ya pamba ya kila mmoja wetu.

Hatulichukui ombi hili kuwa la mchezo. Linatoka kwa watu wanaolala njiani na mzigo wa wenzao. Kila mkulima ajua maana ya lori lisilowaka. Pamba hujaa katika ghala la chama cha msingi, mizani husimama kwa kukosa nafasi, na mama aliyekuja na gunia lake juu ya mkokoteni wa ng'ombe huambiwa arudi kesho. Pamba isiyofika kinuni haijachambuliwa, na isiyochambuliwa haijauzwa, na malipo ya mkulima husubiri pale pale lilipokwama lori. Kwa hiyo swali la waya ni swali la fedha ya mkulima na heshima ya Chama, wala si la mafundi peke yao.

Hebu tuanze kwa kufahamu waya huu ni kitu gani. Jina lake limetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya ardhi, lakini umeme wa gari hauendi ardhini hata kidogo, maana gari limesimama juu ya mipira. Umeme ni msafiri wa kwenda na kurudi. Hutoka katika ncha moja ya betri, hupita katika waya mnene mpaka kwenye stata, au katika waya mwembamba mpaka kwenye taa, hufanya kazi yake, kisha hauna budi kurudi katika ncha ya pili ya betri ile ile. Usipopata njia ya kurudi, hautoki. Watengenezaji wa magari waliona tangu zamani kwamba ni hasara kuweka waya wa pili wa kurudi kwa kila taa na kila chombo, nao wakatumia chuma cha gari lenyewe kuwa njia ya kurudia. Katika lori, njia hiyo ni chesisi, yaani zile boriti mbili ndefu za chuma zilizochukua injini, chumba cha dereva na bodi.

Katika magari ya leo ni ncha ya hasi ya betri inayofungwa kwenye chesisi. Lakini magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa kinyume, chanya kwenye chesisi, na Land Rover ziliendelea hivyo hadi yapata mwaka 1967. Mwanachama mwenye gari au trekta la kale na aangalie kwanza limefungwaje, kabla hajamruhusu mtu kugusa betri.

Sasa injini haikukaa juu ya chesisi chuma kwa chuma. Imewekwa juu ya vitako vya mpira ili mtikisiko wake usilibomoe gari. Chumba cha dereva nacho, ambacho katika malori mengi huinuliwa mbele ili fundi aione injini, kimekaa juu ya mipira na bawaba. Mpira haupitishi umeme. Ndiyo sababu kila lori limefungwa, tangu kiwandani, waya mnene au ukanda wa shaba uliosukwa kutoka injini hadi chesisi, na mwingine kutoka chesisi hadi betri, na mara nyingi mmoja zaidi kutoka chesisi hadi chumba cha dereva. Hizo ndizo nyaya za athi. Umeme wote wa stata, ambao ni mwingi kuliko wa vyombo vingine vyote vikijumlishwa, hurudi kwa njia hiyo.

Adui wa njia hii tunamjua kwa jina. Ni kutu, na tope, na rangi iliyopakwa bila kufikiri, na bolti iliyolegea. Malori yetu huvuka tope jeusi la mbuga mwisho wa masika, kisha huoshwa kwa maji ya nguvu, kisha hukaushwa na vumbi la kiangazi. Ukanda wa shaba huota ukungu wa kijani, nyuzi zake hukatika moja moja, na chini ya kichwa cha bolti hujengeka utando mwembamba usioonekana na mtu aliyesimama wima. Mwaka wa kwanza dereva haoni kitu. Mwaka wa tatu stata inaguna kama mzee anayeamka.

Mjerumani mmoja, Georg Simon Ohm, alitangaza mwaka 1827 kanuni ambayo mpaka leo haijatenguka: umeme unaopotea njiani, ukihesabiwa kwa volti, ni wingi wa mkondo kwa ampea ukizidishwa kwa ukinzani wa njia kwa omu. Tuitie kanuni hiyo mfano. Stata ya lori hula mamia ya ampea, tuchukue 300. Tuseme utando wa kutu umeleta ukinzani wa sehemu moja tu katika mia ya omu. Zidisha: volti 3 zimepotea kabla ya stata kupata haki yake, wakati ambapo betri zenyewe zimekwisha kushuka kwa uzito wa kazi. Wala volti hizo hazipotei bure, zageuka joto. Mahali pale pa kutu panachemka kwa wati 900, nazo ni karibu sawa na pasi ya umeme. Fundi akigusa kichwa cha waya mara baada ya kujaribu kuwasha gari, akakuta pamoto, amekwisha kumwona mwizi.

Sasa chukueni njia ile ile mbovu, mpitishe mkondo wa taa, tuseme ampea 10. Hasara ni sehemu moja katika kumi ya volti, wala hapana jicho litakaloiona. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Dereva huwasha taa, akaziona nyeupe, akasema, “Umeme uko, stata ndiyo mbovu.” Stata ikafunguliwa, ikapelekwa mjini, ikalipiwa, ikarudi, na gari likaguna vile vile. Pengine betri mpya hununuliwa, nayo husifiwa kwa mwezi mmoja. Fedha nyingi za vyama zimetoka kwa njia hiyo, na ugonjwa ulikuwa chini ya bolti moja.

Tena umeme uliozuiliwa njia yake halali hutafuta ya haramu. Hupita katika waya wa mguu wa mafuta, katika waya wa klachi, katika mabomba na beringi. Dereva akiona waya wa mguu wa mafuta umekauka, unakwama, au umeungua ala yake, asilaumu waya huo peke yake. Na dalili nyingine ni hizi: taa ya nyuma kufifia pale breki ikanyagwapo, mshale wa joto la maji kupanda pale taa kubwa ziwashwapo, ingawa maji ni baridi, taa za kuonyesha njia kumetameta kwa namna isiyo yake.

Basi twarudi kwenye ombi. Je, waya wa ziada huongeza nguvu ya injini? Inatupasa tujibu kwa haki, maana wako madereva wa kweli wanaosema magari yao yalibadilika baada ya kufungwa waya wa pili. Twawasadiki. Lakini tuulize waya ule ulifanya nini.

Katika injini ya dizeli mafuta hayawashwi kwa cheche. Tangu injini ya Rudolf Diesel ilipofaulu mwaka 1897, mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Lori la namna ya zamani, lenye pampu ya dizeli inayoendeshwa kwa gia, halihitaji umeme ili litembee, isipokuwa kidogo tu pale penye swichi ya umeme ya kukata mafuta. Likisha kuwaka, hata likifungwa nyaya ishirini za athi halitapanda mlima kwa upesi zaidi hata hatua moja. Waya mzuri utalisaidia kuwaka asubuhi. Kazi ya mlimani ni ya pampu, nozeli, chujio la hewa na uzito wa mzigo.

Lori la namna mpya ni jingine. Lina kompyuta inayopima dizeli ya kila silinda, na vipimio vya joto, vya hewa na vya mguu wa mafuta huipelekea habari kwa volti ndogo, kwa kawaida kati ya sifuri na tano. Athi ya kompyuta hiyo ikiyumba kwa sehemu chache za volti, habari huwa za uongo, na kompyuta iliyodanganywa hutoa amri mbaya, au hupunguza nguvu ya injini kwa makusudi ili kuilinda. Gari kama hilo likitengenezewa athi, dereva atahisi amepewa injini mpya. Hali kadhalika gari la petroli, maana cheche ya plagi nayo hurudi kwa njia ya bloki ya injini, na njia ikiwa mbovu cheche hudhoofika.

Lakini kote huko, ndugu zangu, waya umerudisha kilichokuwa kimepotea. Haukuongeza kitu juu ya kile alichokiweka mtengenezaji. Dawa humwinua mgonjwa; mtu mzima akiinywa, amepoteza dawa. Hesabu yenyewe ni hii. Waya wa shaba wa unene wa milimita za mraba 50, urefu wa mita moja, ukiwa safi na umekazwa, hupoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya volti kwa mkondo wa ampea 300. Tukiweka wa pili kama huo ubavuni mwake, tutakuwa tumeokoa nusu ya hasara hiyo, yaani sehemu moja katika ishirini ya volti, nayo ni kwa zile sekunde chache za kuwasha tu. Hapana dereva duniani atakayeihisi. Na dizeli haitapungua hata kibaba kimoja kwa ajili hiyo.

Tena tuangalie jambo moja ambalo huwapita wengi. Fundi anapofunga waya mpya, hufungua bolti ya zamani, huikwangua, husugua mahali pake kwa msasa, kisha huikaza kwa nguvu. Gari likapona. Sifa hupewa waya wa rangi, na kumbe aliyetibu ni msasa wa shilingi chache. Ndiyo maana twasema: kabla ya kununua, tupime.

Neno hili la kupima si geni kwa wakulima wa pamba wa nchi hizi za kusini mwa Ziwa Victoria. Mwaka 1955 wazee wetu, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na moja katika manung'uniko yaliyowasukuma kuungana lilikuwa mizani. Mkulima alipeleka pamba kwa mnunuzi, mnunuzi akataja uzito, na mkulima hakuwa na njia ya kujua kama ameambiwa kweli. Wazee hawakutaka mnunuzi mwenye maneno matamu zaidi. Walitaka mizani ya haki, na mtu wao wa kuisoma. Sisi warithi wao haitufai kununua bidhaa ya nguvu kwa neno la muuzaji, ilhali mizani yake ipo na bei yake ni ndogo.

Mizani hiyo ni mita ya umeme, yenye vidole viwili, chekundu na cheusi. Inatosha katika kipande cha volti. Twaeleza namna ya kuitumia ili hata mwenyekiti wa chama cha msingi, akisimama karibu na fundi, ajue kinachosomwa.

Kwanza betri zenyewe zipimwe gari likiwa limetulia, maana betri iliyochoka hufanya kila kitu kionekane kibovu. Betri mbili zilizojaa, zilizofungwa kwa mfuatano katika lori la volti 24, husoma zaidi kidogo ya volti 25. Kisha dizeli ikatwe ili injini isiwake. Kidole kimoja cha mita kiguse ncha ya hasi ya betri, ncha yenyewe ya risasi, wala si kibano kilichoishika. Kidole cha pili kiguse chuma kilichokwanguliwa juu ya bloki ya injini. Dereva apige stata kwa sekunde chache, na fundi asome. Njia nzuri husoma sehemu chache sana za volti. Kanuni inayoshikwa na mafundi wengi ni kwamba upande mzima wa kurudi usipoteze zaidi ya nusu volti, na waya mmoja peke yake usizidi sehemu mbili katika kumi.

Hesabu ikizidi, fundi aigawe njia kama afisa anayekagua safari ya gunia kutoka ghala hata kinu. Apime kutoka ncha ya betri hadi kibano chake. Kutoka kibano hadi chesisi. Kutoka chesisi hadi bloki. Kila mara stata ipigwe. Pale mita itakaporuka ndipo penye hasara, nako ni mahali pamoja, au pawili. Hapana haja ya kukisia. Kisha chumba cha dereva kipimwe namna hiyo hiyo, taa zote zikiwa zimewashwa.

Matengenezo yake yana adabu yake. Waya uliofungwa kwenye chesisi ndio hutangulia kufunguliwa, na ndio wa mwisho kufungwa, ili spana ikigusa chuma cha gari isilete moto. Mahali pa bolti pakwanguliwe rangi na kutu mpaka chuma kiwe cheupe. Bolti ikishakazwa, ndipo pafunikwe kwa grisi ili maji yasiingie. Ukanda uliokatika nyuzi ubadilishwe. Na pale ambapo kiti cha zamani kimeliwa na kutu hata hakiaminiki, hapo ndipo waya wa ziada una kazi ya haki: mmoja, mnene kama ule wa betri, kutoka bloki ya injini hadi boriti ya chesisi. Vichwa vyake vibanwe kwa mtambo, si kwa kusokota na koleo. Uwe mfupi, lakini wenye ulegevu kidogo, maana injini hutikisika na waya uliovutwa hukatika. Ukae mbali na bomba la moshi, wala usifungwe kamwe kwenye bomba la dizeli au la breki. Na katika malori yenye kompyuta, nyaya ndogo za athi za vipimio zisiguswe wala kuunganishwa na bloki kwa kubahatisha. Mtengenezaji amezitenga kwa sababu.

Liko jambo jingine lililo ndugu wa hilo, nalo ni uchomeleaji. Malori yetu huchomelewa bodi na chesisi mara kwa mara, na mara nyingi kando ya barabara. Umeme wa mashine ya kuchomelea nao ni msafiri wa kurudi. Mchomeleaji akifunga koleo lake la kurudishia umeme nyuma ya gari, akachomea mbele, mkondo mkubwa utapita popote upatapo nafasi: katika beringi, katika alteneta, katika kompyuta. Koleo lifungwe karibu na mahali panapochomewa, juu ya chuma kilichokwanguliwa, na betri zifunguliwe kwanza. Na malori ya kompyuta yafuate pia maelekezo ya mtengenezaji wake.

Tumekwisha taja joto la wati 900, nasi tulilitaja kwa makusudi. Lori letu halichukui mawe. Linachukua pamba, na nyuzi zake hupeperuka na kutuama kila pembe ya chesisi, juu ya betri na kando ya nyaya. Pamba hushika moto kwa cheche ndogo, kisha moto hujificha ndani ya mzigo kwa saa nyingi kabla haujaonekana. Kichwa cha waya kilicholegea, kinachotoa cheche chini ya mzigo wa pamba ya kijiji kizima, ni hatari kubwa kuliko mlima wowote. Na katika jambo hili waya wa ziada uliofungwa ovyo huongeza hatari, maana umeongeza vichwa viwili vipya vya kulegea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa pale ulipo, haupakwi chokaa nyumba nzima.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, sisi wa afisi ya Katibu twaleta mapendekezo haya, ili Mkutano Mkuu uyapime kwa uhuru wake.

Kwanza, fedha za mafungu ya nyaya zisitolewe sasa. Badala yake zinunuliwe mita mbili nzuri, brashi za waya, msasa na grisi, na mtambo mmoja wa kubania vichwa vya nyaya.

Pili, kila lori la Chama lipimwe kabla ya msimu kufunguliwa, na mara nyingine katikati ya msimu. Vipimo viandikwe katika daftari: nambari ya lori, tarehe, volti zilizosomwa, na jina la fundi aliyesoma. Mali bila daftari hupotea bila habari, nayo volti ni mali.

Tatu, lori litakalosoma vizuri lisiongezwe waya hata mmoja. Lori litakalosoma vibaya lisafishwe na kukazwa, lipimwe tena, na ndipo libadilishiwe au liongezewe waya pale tu mita inapodai. Daftari hilo lisomwe mbele ya Mkutano Mkuu, ili wanachama wajue kila senti ilikwenda wapi na ilileta nini.

Nne, madereva wote wafundishwe kuzitambua dalili tulizozitaja, na dereva atakayeleta habari ya kichwa cha waya cha moto kabla lori halijakwama ashukuriwe hadharani. Wao ndio hukaa na gari usiku na mchana, nao ndio walioleta ombi hili. Wametuonyesha mahali pa kutazama, na shukrani kwao si ndogo.

Tano, pasiwe na mchomeleaji yeyote atakayegusa lori la Chama bila dereva kusimama karibu na kuona betri zimefunguliwa.

Na wale wanaotafuta kupunguza dizeli, twawaambia kwa upole kwamba dizeli yetu haipotei katika nyaya. Yapotea katika mipira isiyo na upepo wa kutosha, katika machujio ya hewa yaliyojaa vumbi, katika nozeli zilizochakaa, katika mizigo iliyozidi kipimo, na katika safari za lori tupu kwa sababu chama kimoja hakikumwarifu mwenzake. Hayo nayo yapimika, nasi tutayaleta kwa wakati wake.

Wanachama wapenzi, katika miaka kumi hii Chama chetu nacho kimekuwa na waya wa kwenda na waya wa kurudi. Pamba hutoka shambani, hupita ghalani, hufika kinuni. Huo ndio waya wa kwenda, na wote huutazama kwa sababu ni mnene na unaonekana. Malipo, stakabadhi, hesabu na majibu ya maswali ya mkulima ndiyo waya wa kurudi. Huo hukaa chini, hupata tope, na watu huukumbuka siku gari limekataa kuwaka. Hapana chama kilichodumu kwa kuongeza mashamba tu huku njia ya kurudi imeshika kutu. Afisi yetu iko wazi kwa kila mwenye kidole cha mita.

Siku ya kupima malori itatangazwa katika vyama vyote vya msingi mara tu baada ya Mkutano Mkuu kuamua. Twawaomba wenyeviti waje wenyewe, wala wasitume salamu, wasimame karibu na fundi na wasome kwa macho yao.